Viganja vya Mama Juu ya Spika

Udongo wa kaburi la mdogo wangu haujakauka... na rafiki yake kipenzi yuko jukwaani anatangaza:

"Wanangu, hii ngoma nimeipika mwenyewe!"

Mwongo mkubwa!

Jamani, mdogo wangu tulimwita Kelele. Muziki wake hauna mwimbaji. Alirekodi msumeno wa chuma, mabati, mlango wa geti, akavikatakata kwenye kompyuta mpaka vinapigana. Majirani walisema kachanganyikiwa.

Mama ni kiziwi, masikio yake yalikufa kiwandani. Lakini Kelele hakumaliza kipande bila yeye. Mama anaweka viganja juu ya spika. Akitabasamu, kinabaki. Akinuna, kinafutwa.

Kelele alipofariki, kompyuta yake haikuonekana. Sasa nikajua ilikokwenda.

Muziki ukalipuka.

Weee! Mabati yanakimbizana, msumeno unalia, besi inakupiga kifuani mpaka unasahau kupumua. Unadhani yote yameporomoka, kumbe ndiyo kwanza yanapamba moto! Ukumbi mzima unaruka. Mimi nalia.

Nikamvuta Mama, niliyekuja naye ukumbini, hadi kwenye spika. Kiganja kimoja akaweka pale, kingine mgongoni kwangu, akaanza kunigonga.

Naapa, kila pigo lilinifika mgongoni kabla halijatoka kwenye spika!

Muziki ukakatika. Makofi, miluzi...

Mama akaendelea kunigonga. Polepole sasa.

Mshereheshaji akacheka. "Mama, muziki umeisha!"

Nikamweleza Mama kwa ishara. Akanijibu kwa ishara, nami nikapaza sauti:

"Anasema bado!"

Yule rafiki akaropoka, maiki iko wazi:

"Ile sehemu ya mwisho niliikata, ilikuwa inapoza watu..."

Akajiziba mdomo. Ukumbi mzima umesikia!

Nikapanda jukwaani.

"Uliikata ukaiweka wapi?"

"Dada, nisamehe..."

"Iko wapi?!"

"Nilifuta. Vyote vyake nilifuta, nisije nikakamatwa."

Njia ya mwongo ni fupi. Siku hizi muziki ule wanaupiga kwa jina la Kelele. Lakini ule mwisho, alioutunga akiwa kitandani anaumwa, ulibaki kwenye viganja vya Mama tu.

Ndugu zangu, kama nyumbani kuna mtu anatengeneza kitu msichokielewa, msimcheke. Kitunzeni angali hai. Na msiseme kesho.

Mimi nilisema kesho, Mama apumzike kwanza na msiba.

Jana ndipo nikawasha simu nimrekodi. Akaweka mkono mezani, akagonga, akafika katikati, akasimama. Akaniangalia.

Amesahau.