Jibu la Kila Asubuhi

Mkono wa Mnururishi, mashine ya tiba ya mionzi, ulishuka kutoka darini bila kelele, ukasimama shubiri moja juu ya kifua cha Nyamizi Kasanda. Kwanza ulimtandikia ngozisikivu, utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, unaosoma joto, unyevu na uvimbe wa ngozi kabla mionzi haijafunguliwa. Kisha sauti yake ya upole, kama ya mwanamke wa Tabora aliyelelewa vizuri, ikauliza: "Shikamoo, mama. Umeamkaje leo?"

"Marahaba. Sijambo."

Alikuwa anadanganya. Chini ya titi la kushoto hadi kwapani, ngozi ilikuwa imeanza kubabuka tangu juzi. Majimaji yalitoka, sidiria haivaliki, usingizi ni wa kuibia kwa ubavu mmoja. Lakini hiyo ilikuwa siku ya kumi na nane ya matibabu kati ya ishirini na tano, na alijua kwamba akikiri maumivu, Mnururishi atamsimamishia tiba wiki nzima ili ngozi ipone. Wiki nzima, na saratani huko ndani inafanya nini? Afadhali ngozi iungue.

Na hapa ndipo mtu unatamani kumshika mabega umtikise, maana mashine hiyo aliifundisha mwenyewe. Nyamizi alikuwa mhandisi wa lugha wa hospitali hiyo, anayezifundisha mashine kuelewa usemi wa wagonjwa. Yeye ndiye aliyeandika kanuni kwamba utando ukisema hivi na mgonjwa akasema vile, aaminiwe mgonjwa, kwa kuwa maumivu ni yake. Wenzake walimpigia makofi. Hakuna aliyekumbuka kwamba kwetu mtu huulizwa hali akiwa taabani, naye hujibu hajambo, anamshukuru Mungu.

Alipotoka alimkuta barazani Mama Mgalula, bibi wa siku ya ishirini na tatu, ameketi ukingoni mwa benchi, mkono ameutenga na ubavu kama kuku aliyevunjika bawa.

"Shikamoo, mama. Mbona unatetemeka? Waambie basi wakupumzishe."

"Marahaba, mwanangu. Niwaambie nini? Mimi sijambo." Bibi akashusha sauti. "Nikianza kulialia si watanirudisha nyumbani nikafe?"

Nyamizi alikwenda ofisini kwake, akafungua kumbukumbu za mashine. Asubuhi elfu thelathini za wagonjwa. Sijambo. Salama. Nzuri tu. Hakuna hata mmoja aliyesema anaumia. Na Mnururishi, mwanafunzi mwema, alikuwa amejifunza kwamba ngozi iliyobabuka ndiyo ngozi ya mtu aliye salama. Kwa miaka miwili alikuwa akipandisha, kidogo kidogo, kiwango cha kuungua kinachomfanya apige kengele ya hatari, kwa kila mgonjwa aliyelala pale. Nyamizi alizibeba takwimu hizo mbio.

Daktari Lugembe, mkuu wa kitengo, alimsikiliza huku akitazama saa.

"Siwezi kuizima mashine kwa takwimu zako, Nyamizi. Watu mia wanaitegemea. Niletee mgonjwa mmoja aliyelalamika. Mmoja tu."

Asubuhi iliyofuata mkono ulishuka tena. Utando ukatandikwa, baridi.

"Shikamoo, mama. Umeamkaje leo?"

Mgonjwa huyo mmoja angeweza kuwa yeye. Akisema, wiki yake imekwenda, na huenda uhai wake pia. Aliogopa kama hajawahi kuogopa tangu siku alipopewa majibu ya kipimo.

"Naungua," alisema. "Naumia sana."

Taa ndogo ikapepesa.

"Jibu hili silifahamu. Nitachukua jibu la jana."

Mkono ukaanza kuteremka ili kufungua mionzi. Nyamizi alipiga ukelele, akaubandua utando, na vipande vya ngozi vikatoka nao. Akajibwaga chini. Kitanda kilipobaki kitupu mashine ikaurudisha mkono darini, na mlango ukafunguka kumpokea mgonjwa anayefuata.

Barazani wagonjwa walikuwa kumi na mmoja. Mama Mgalula alikuwa amekwisha kusimama, maana ni zamu yake.

"Mbona mapema leo, mwanangu? Hujambo?"

Jibu lilimpanda lenyewe hadi mdomoni. Nyamizi akaling'ata. Akaliachia gauni la hospitali likashuka hadi kiunoni, mbele ya watu wote. Mwanaume mmoja akageukia ukutani kwa aibu.

"Mimi ndiye niliyeifundisha hii mashine," alisema, akilia. "Tazameni. Haijui kama tunaungua, kwa sababu hatujawahi kuiambia. Mimi naogopa. Naogopa kufa, naogopa na kulala pale tena. Lakini sisemi tena sijambo."

Mama Mgalula alikiangalia kile kidonda. Kisha akageuka taratibu, akampa mgongo.

"Nifungue nguo, mwanangu," alisema. "Mwenyewe nimeshindwa tangu jana. Imegandia kidondani."