Nilimpa Mgeni Siri ya Ukoo wa Mke Wangu

Nina umri wa miaka thelathini na mitatu, mwenyeji wa Mtua, Nachingwea. Siku hizi naishi peke yangu Marambo, ingawa nina mke na watoto wawili. Msinihurumie kwanza. Someni mpaka mwisho, ndipo mseme kama nastahili.

Nilikuwa karani kwenye mashamba ya karanga, enzi matrekta yalipokuwa yaking'oa misitu ya Nachingwea kama mtu anayenyonyoa kuku. Mradi ulipokufa nikarudi Likunja kwa wakwe zangu, maana kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Somoe, mke wangu, hakunisimanga hata siku moja. Mimi ndiye niliyejiona nimeshuka. Karani mzima, na jembe begani... aibu iliyoje!

Hapo akatokea kijana wa Kizungu aliyekuwa akisomea udaktari. Si wa sindano. Ulikuwa udaktari wa elimu ya jamii, wa kujua watu wanaoana vipi na kurithiana vipi. Kina mama hawakuelewa, wakawa wanamletea watoto wenye homa, naye anabaki kuona haya. Tukambandika jina, Bwana Maswali. Akanichukua niwe mkalimani wake, akaahidi kwamba akimaliza kitabu chake atanitafutia nafasi ya kusoma ng'ambo. Ng'ambo, mimi! Tangu siku hiyo sikushikika kwa maringo.

Tulizunguka nyumba kwa nyumba tukichora koo za watu. Zote zilijaa isipokuwa ukoo wa mke wangu. Bibi yake Somoe, mzaa mama yake, hakuwa na mama, wala mama mdogo, wala mji aliotoka. Bwana Maswali aliniuliza kwa upole karibu kila siku, nami nikajibu sijui.

Nilijua. Siku ya ndoa yangu mama yangu aliniketisha akanieleza kwamba bibi huyo alinunuliwa kwa kipande cha kaniki, ile nguo nyeusi, zama za misafara ya watumwa. Mwenye ukoo akamfanya dada yake, na wazee wakaapa jambo hilo lisitajwe tena. Kwetu ukoo ni wa upande wa mama, na asiye na mama anayejulikana harithi kitu. "Mwanangu, siku utakayolitamka," mama aliniambia, "utakuwa umemuua mkeo huku anatembea."

Sasa tazameni upumbavu wangu. Bwana Maswali akasema bila pengo lile kuzibwa kitabu hakikamiliki, na bila kitabu mimi siendi popote. Akaanza kufunga daftari... nikasema. Yote nikasema. Akaniapia kwamba hatalitaja jina la mtu. Siku ile Somoe aliniandalia ugali na kisamvu, akaniuliza mbona simtazami usoni. Nikamwambia kichwa kinaniuma.

Ikapita miezi. Kila mzee aliponiita moyo ulinilipuka, kumbe naitwa kusoma barua tu. Nikaanza kudhani nimepona.

Kisha mjomba wake Somoe akafariki. Baada ya arobaini, ukoo ulikusanyika kumrithisha shemeji yangu Hamisi, kaka yake Somoe, jina la marehemu. Anayerithi jina ndiye anayeshika mashamba na kuwa mkubwa wa wote. Nguo nyeupe ya kumvisha ilikuwa tayari mikononi mwa mzee, ndipo Bwana Maswali alipoomba kusema.

Hakuwa na ubaya, nakiri. Alitaka kuwasifu. Akawaomba wazee wamweleze ilikuwaje mwanamke wa kununuliwa wakamfanya dada, hata leo mjukuu wake anarithi. Angesema Kiingereza ningeyageuza maneno. Alisema Kiswahili, kile kile nilichomfundisha mimi!

Mzee aliikunja ile nguo, akaiweka chini ya mkeka. Watu wakaondoka mmoja mmoja. Somoe hakumtazama yule Mzungu, alinitazama mimi.

Jina alipewa mtu mwingine, na mashamba yakamfuata. Wanangu wakaanza kuitwa watoto wa kaniki. Siku moja nilitoka sokoni Ruangwa nikakuta mlango wazi na jiko limepoa. Somoe, kaka yake na wanangu walikuwa wameshika njia ya kusini. Nimefika mpaka Ruvuma nikiulizia. Hakuna anayejua, au hakuna anayetaka kuniambia.

Mwaka jana ilinifikia barua. Bwana Maswali amefaulu, sasa anaitwa Daktari. Habari ya nafasi yangu hakugusia. Anasema wakubwa wake walisifu zaidi sura ya kitabu inayohusu ukoo wa Likunja. Chini kabisa ameandika nimsalimie mke wangu na watoto. Niwasalimie wapi, jamani?

Ndugu wasomaji, akija mtu na daftari, mpeni yaliyo yenu. Siri uliyopewa siku ya ndoa si yako, hata ukiahidiwa dunia nzima. Na kama huko mliko yupo mwanamke aitwaye Somoe, mrefu, mwenye kovu dogo kidevuni na watoto wawili, mwambieni niko Marambo, namngoja. Lakini nawasihi sana, msimwulize ni wa ukoo gani.