Sindano ya Donatien

Kila asubuhi, kwenye kibanda chao cha ushonaji huko mtaa wa Lumumba, Emerance alimtilia mumewe uzi kwenye sindano. Mikono ya Donatien ilitetemeka mpaka anywe gilasi ya kaikpo, pombe kali ya muhogo. Baada ya gilasi hiyo alishona vizuri. Baada ya gilasi ya tano aliharibu suruali za watu.

Jumatatu alisema mwenyewe, "Mama Plamedi, nimechoka na hii pombe. Muniombee."

Michel, kaka yake Donatien, wa kikundi cha maombi, alifurahi. "Tunafunga kavu siku tatu! Hapana chakula, hapana maji, hapana kaikpo."

Wakamfungia chumbani, wakaomba mlangoni.

Jumatano asubuhi Emerance alisikia kitanda kikigonga ukuta. Akachungulia. Donatien alilowa jasho, mwili wote ukitetemeka.

"Toeni hawa siafu!" alipiga kelele, akijikwaruza mikono. Hapakuwa na siafu hata mmoja.

"Ni pepo anatoka," Michel alisema. "Usifungue." Lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

"Baba Plamedi, ni miye," Emerance aliita. Donatien alimtazama kama mgeni. Emerance alikimbia kwa jirani yao Félicité, muuguzi.

Félicité alikuja na kanga kiunoni. "Alikunywa mara ya mwisho lini?"

"Juzi."

"Na maji?"

"Hata kidogo. Tulifunga."

"Ita pikipiki! Anaweza kuanguka kifafa. Anaweza kufa."

"Kufa namna gani?" Michel aliuliza. "Si ameacha pombe?"

"Ndiyo sababu. Muili wake umezoea pombe miaka mingi. Ukiikata mara moja, muili unavurugika. Na mumemunyima maji tena. Huyu hana pepo, papa. Iko mugonjwa, na dawa iko."

"Siye tulitaka kumusaidia."

"Najua. Mushike muguu. Utaomba njiani."

Kwenye mlango wa hospitali Donatien alikakamaa, macho yakageuka. Emerance aliona amekwisha.

Hakuwa amekwisha. Walimpa sindano ya kumtuliza, maji ya mshipani na vitamini. Siku ya tatu aliuliza habari ya mtoto wao, "Plamedi amekula?" Emerance akalia.

"Bado," Félicité aliwaambia siku ya kurudi nyumbani. "Muili umetulia, lakini hamu itarudi. Kila juma aje kwenye kituo cha afya tuongee naye. Akianguka tena kwenye pombe, musimutukane. Mumulete."

Alianguka mara moja, baada ya Pasaka. Hakuna aliyemfungia. Kesho yake Michel mwenyewe alimpeleka kituoni, na wauguzi wakampokea.

Sasa ni miezi mitano bila kaikpo. Asubuhi moja Emerance, kwa mazoea, alichukua sindano na kulamba uzi. Donatien alinyoosha mkono.

"Lete, mama."

Emerance alimpa sindano na uzi. Uzi ulikosa tundu. Ulikosa tena. Mara ya tatu ukapita.