Habari Iliyosubiri Baba Ashibe

Wenzangu wenye familia, nyumba ninayotaka kuwasimulia imepakana na yangu ukuta kwa ukuta, na wenyewe wameniruhusu niyaseme haya. Wamesema yakimfaa mtu mmoja tu, inatosha.

Siku za mapumziko, nyumba ile ilikuwa na utulivu wa kuonea wivu. Baba mwenye nyumba ni fundi wa mafriji, na mtaa mzima humwita Fundi Baridi. Siku hizo hufunga karakana, hunawa mikono hadi kwenye viwiko na kuingia jikoni mwenyewe kutengeneza samaki wa ndimu, chakula ambacho wapishi wa hoteli hukiita seviche. Alikijua alipokwenda kutengeneza chumba cha baridi cha hoteli fulani. Mpishi mkuu alimwonjesha, naye hakukusanya vifaa vyake mpaka alipofundishwa. Mkewe hukata vitunguu vyembamba kama karatasi. Binti yao kitindamimba, mwanafunzi wa sekondari, hukamua ndimu. Mama mzazi wa fundi, ambaye wote tunamwita Bibi, hukaa karibu na mlango, na kazi yake ni kutoa kasoro.

"Samaki hajaonja moto, halafu mnaniita mezani," husema. "Mimi ni mama yako au paka wako?"

"Onja kwanza, mama."

Huonja, kisha husogeza sahani aongezewe.

Nisieleweke vibaya: Fundi alijua anachofanya. Kila aliyeingia jikoni mwake alisomewa somo lilelile, kwamba ndimu haipiki. Hugeuza nyama ya samaki ikawa nyeupe na kukaza kama iliyochemshwa, lakini haiui minyoo yote wala haiondoi sumu. Kwa hiyo alinunua jodari aliyelala kwenye barafu tangu kuvuliwa, akamgandisha wiki nzima kwenye friza kali, akamyeyusha ndani ya friji na si juu ya meza, kisha akamkata vipande vidogo kwenye bakuli la kioo, kwa sababu ndimu hula sufuria. Hayo yote ni sahihi. Ugonjwa wa nyumba ile ulikuwa mahali pengine.

Fundi Baridi alikuwa na hasira za moto. Hakuwahi kumpiga mtu, na hilo lazima lisemwe. Lakini akipewa habari mbaya akiwa na njaa, alifoka mpaka sisi majirani tukapunguza sauti za redio, na si kwa heshima, bali ili tusikie vizuri. Siku shati lake lilipounguzwa na pasi aliinuka mezani, akaiacha sahani ilivyo, na kwa siku nyingi hakumsemesha mtu. Tangu hapo mkewe akaweka utaratibu: habari mbaya haisemwi mpaka baba ashibe. Bomba limepasuka? Ngoja ashibe. Mtoto amefeli hesabu? Ngoja ashibe. Utaratibu huo ulileta amani, na kwa kuwa ulileta amani, hakuna aliyeuona kuwa ni tatizo.

Sasa sikilizeni ulivyowageuka. Fundi alikuwa safarini kikazi. Binti alichomoa plagi ya friza ili apige pasi sare zake, akasahau kuirudisha. Kesho yake aliporudi kutoka shuleni alikuta maji sakafuni, na pakiti ya jodari imelegea kama mto.

"Mama, nimeua friza," alisema.

Mama alikuja, akabonyeza pakiti kwa kidole, akairudisha plagi. "Haijafa. Inanguruma hiyo, sikiliza."

"Na samaki? Baba amesema asipate joto."

"Ataganda tena. Na wewe usianze kumrukia baba yako mlangoni na viatu havijavuliwa. Akishakula, nitamwambia mwenyewe."

Mnaona kosa lilipo. Kwa miaka yote habari mbaya ilisubiri chakula kiishe, na safari hii chakula chenyewe ndicho kilichokuwa habari mbaya.

Fundi alirudi. Jioni ya kuamkia siku ya mapumziko, alitoa pakiti na kuigeuza mikononi. Chini yake palikuwa na bamba la barafu jekundu, damu iliyochuruzika na kuganda upya. Jicho la fundi halikosi kitu kama hicho.

"Hii friza ilizimwa?"

Binti alimtazama mama. Mama alikuwa akimenya kitunguu.

"Umeme ulikatika kidogo," alijibu. "Ulirudi palepale."

Fundi aliitikia kwa kichwa, akaiweka pakiti kwenye friji iyeyuke. Huyo ni mtu anayepima joto la friza za wengine kwa kipimajoto, asiyekubali neno la mteja hata aape. Kwa mkewe hakupima.

Kesho yake mchana walikaa mezani. Bakuli lilipendeza: nyama nyeupe, vitunguu, nyanya, majani ya giligilani. Fundi, kama kawaida ya mpishi, alianza yeye, akala sahani ya kwanza kwa haraka ya mtu aliyejipikia. Mama alisema hana njaa. Binti alichezea tango kwa uma.

"Leo umetia pilipili ya kukomoa watu?" mama aliuliza alipomwona mumewe akipapasa midomo.

"Nimetia kidogo tu. Lakini ulimi unawaka, ajabu."

"Lete na mimi nikione hicho kiwakacho," alisema Bibi, akachota kijiko kilichojaa.

Bibi ana shinikizo la damu na moyo uliochoka. Binti alijua hivyo, maana ndiye anayempa dawa. Alikiona kijiko kinapanda. Alijua pia kwamba baba hajashiba.

"Bibi, usile!"

Kijiko kilisimama hewani. "Kuna nzi?"

"Friza ilizimwa usiku kucha na mchana wake. Nilichomoa mimi. Samaki alilainika kabisa, ndipo akaganda tena."

Fundi aliinuka. "Nani alikwambia ukae kimya? Eti umeme ulikatika! Katika nyumba yangu mimi, fundi..." Hakumaliza. Uso na masikio vilimpanda moto, shingo ikamvimba mabaka, moyo ukamwenda mbio hadi akashika ukingo wa meza.

"Endelea kufoka, mwanangu," Bibi alisema huku akimsukumia kiti. "Labda ndiyo dawa yake. Kaa chini! Na wewe, mjukuu wangu, nenda kwa jirani mwenye gari."

Jirani huyo ni mimi. Niliwapakia wote, Bibi naye akiwemo. Njiani mgonjwa alitapika mara kadhaa, akashika kifua na kusema moyo unataka kutoka. Kwenye zahanati daktari alimsikiliza mapigo, akakunja uso, akaanza kuzungumza habari za kumpeleka hospitali ya moyo. Kisha akauliza amekula nini.

"Samaki," alisema mama.

"Samaki huyo alihifadhiwaje?"

"Umeme ulikatika ki..." Mama alimtazama mumewe kitandani, akamtazama binti yake. "Hapana, daktari. Friza ilizimwa siku nzima. Nilijua, nikaficha."

Daktari alibadilisha alichokuwa akiandika. Alieleza kwamba jodari akipata joto, vijidudu hutengeneza sumu ndani ya nyama. Sumu hiyo haionekani, mara nyingi haina harufu, na haiondolewi na barafu, ndimu wala moto. Aliagiza dawa ya kutuliza mzio na maji ya mshipani.

"Usingesema, ningemtibu moyo," alimwambia mama. "Na huyu bibi, mnayesema ana ugonjwa wa moyo, angekula, sijui tungekuwa tunazungumza nini sasa."

Kabla ya jua kuzama mabaka yalikuwa yamefifia. Fundi alilala akitazama dari.

"Kwa hiyo huwa nasubiriwa nishibe, kama simba."

Akamgeukia binti. "Kuna mangapi mengine sijaambiwa?"

"Baba, kwanza umeshakula?"

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Fundi alicheka wa mwisho, akiwa bado na sindano ya maji mshipani, na kicheko kilipokwisha macho yake yalikuwa na maji. Kisha wakamwambia. Ngazi yake iliyovunjika, mteja aliyekuja kulalamika, binti kutaka kuacha fizikia na kusomea ushonaji. Kwa hilo la mwisho alikunja ngumi juu ya shuka. Halafu akasema, "Niambie kwa nini," na akasikiliza mpaka mwisho.

Sisemi amekuwa malaika. Bado anafoka. Tofauti ni kwamba sasa watu wanamwambia, anafoka, anakwenda kusimama uani, kisha anarudi na kuuliza, "Haya, tunafanyaje?" Juzi nilimsikia mkewe akimpokea mlangoni, na viatu hajavua, akimwambia tangi la maji limetoboka. Nilipunguza redio. Nilichosikia ni milio ya nyundo.

FUNZO

Kwanza, samaki. Ndimu haipiki. Asiyeweza kuthibitisha kwamba samaki wake hakupata joto tangu baharini hadi bakulini, asimle mbichi. Aliyelainika na kuganda tena atupwe, hata kama amegharimu pesa nyingi. Wazee, wajawazito, watoto wadogo na wagonjwa wasipewe kabisa, hata jikoni kukiwa na fundi gani.

Pili, sisi wenye nyumba. Mtu ambaye familia yake inaogopa kumwambia ukweli huishi kama kipofu ndani ya nyumba yake, na amejipofusha mwenyewe. Wanaomficha hudhani wanamlinda, kumbe wanamwacha ale kila kitakachowekwa mbele yake. Leo mkirudi nyumbani, kabla ya kunawa mikono, waulizeni watu wenu kuna nini ambacho hamjaambiwa. Wakishaanza kusema, msiinuke mpaka wamalize.