Sauti ya Dalali

Ilikuwa saa ya watu kutoka kazini, na mbele ya maduka hapakuwa na pa kuweka mguu. Msichana mmoja alipita akipasua umati kwa kiwiko, suti tatu za wateja zikining'inia begani. Kiango kimoja kikanasa waya. Alivuta, na waya nao ukamvuta. Mwisho wa ule waya kulikuwa na kioo cha kompyuta, na nyuma ya kioo kulikuwa na kijana mrefu aliyekikumbatia kama mtoto.

"Dada, polepole! Utaniangushia riziki."

"Na wewe utanikunjia yangu. Unajua suti hizi nimezipiga pasi tangu lini?"

"Sijui. Ukitazama shati langu utajua mimi na pasi hatusalimiani."

Alilitazama. Kola ilikuwa imejikunja kama sikio la mbwa.

"Hilo limepigwa pasi au limelaliwa?"

"Limelaliwa," kijana akakiri, nao wakaangua kicheko, waya ungali umewafunga.

Kesho yake kijana alilileta lile shati dukani kwa msichana. Kesho kutwa akaleta jingine, ambalo halikuwa chafu hata kidogo. Yeye alimwita Dobi, kwa kazi yake. Dobi alimwita Fundi, kwa kuwa alitengeneza kompyuta katika chumba kimoja ghorofani, nyaya zimemzunguka hadi magotini.

Dobi aliishi na baba yake. Mzee huyo alikuwa dalali wa mnada, mwenye sauti ya kumsimamisha mpita njia aliye ng'ambo ya barabara. Lakini uvimbe ulikuwa umemwota kooni, na madaktari walishasema: ili aishi, sauti lazima iondoke.

Siku Dobi alipomweleza Fundi habari hiyo, alikuwa amevaa gauni lake la kijani la kazini, mikono ikinuka wanga, na machozi yakidondokea pasi na kutoa mvuke. Fundi hakumpa pole. Alisema, "Kuna programu moja. Mtu anarekodi sauti yake mapema. Baadaye akiandika, kompyuta inasema kwa sauti ileile. Ila inataka kompyuta yenye Linux, mfumo tofauti na ule wa kawaida. Hilo niachie mimi."

Wakaegemeza magodoro madirishani kuzuia kelele za mtaa, na Dalali akasoma sentensi baada ya sentensi mpaka koo likagoma. Baada ya upasuaji, Fundi aliiweka kompyuta mezani karibu na kitanda. Mzee akaandika kwa kidole kimoja, akabonyeza.

"Binti yangu, chai iko wapi?" chumba kizima kikanguruma.

Dobi alimrukia Fundi shingoni mbele ya baba yake, bila haya.

Tangu hapo mapenzi yalikwenda mbio. Simu haikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, ila sikushiba. Wewe hukuwepo."

"Muongo! Nimesikia unatafuna."

"Natafuna kwa huzuni, roho yangu."

Na Fundi alipofika jioni, Dalali alimwandikia utani: "Mali hii inakwenda! Mara ya kwanza! Mara ya pili! Kijana, umekuwa bubu kama mimi?" Fundi aliona aibu mpaka masikio. Walikubaliana kumpeleka mshenga mwisho wa mwaka.

Kisha siku moja Dobi alirudi nyumbani akakuta kioo cheusi tii, kistari kimoja cheupe kikipepesa pembeni. Baba yake alikuwa kitini, mikono mapajani. Fundi alikuwa amepiga magoti chini ya meza.

"Kuna nini?"

Fundi hakuinua uso. "Mfumo umesasishwa. Toleo jipya. Umegoma kuwaka vizuri."

"Umesasishwa na nani?"

Dalali aligonga meza kwa kiganja. Fundi akamtazama mzee, akamtazama Dobi.

"Na mimi," akasema.

Hakulala kwake siku hizo. Kioo alikirudisha kwanza, kwa kuiwasha mashine kwa kiini cha zamani cha mfumo kilichokuwa bado kimo. Picha zikaja, lakini sauti hapana. Mfumo ulidai hauoni spika yoyote. Akahangaika, spika zikaonekana. Dobi alikwishaanza kupumua ndipo ile programu yenyewe ilipogoma: unaifungua, inajifunga. Mtu aliyeitengeneza alishaiacha siku nyingi, haikupatana na toleo jipya. Na Fundi aliporudisha toleo la zamani, vipande ilivyovitegemea havikupatikana tena popote.

"Rekodi zake zipo salama," alisema, macho mekundu. "Ila programu itabidi niijenge upya, kipande kwa kipande."

"Itachukua muda gani?"

"Sijui."

Kwa muda akamwekea mzee sauti nyingine iliyokuja na mashine, sauti ya bati, isiyo ya mtu. Dalali aliisikia mara moja, akachukua kalamu: "Huyo si mimi." Akaugeukia ukuta.

Hapo Dobi alipasuka.

"Ilikuwa mbovu?"

"Haikuwa mbovu."

"Ilikuambia inaumwa? Nani alikutuma uiguse?"

Fundi alianza kufunga mfuko wake.

"Umemnyang'anya baba yangu sauti mara ya pili. Daktari angalau aliomba ruhusa. Toka!"

Fundi aliinua mfuko wake na diski yenye rekodi, akatoka. Dalali alimshika binti yake mkono, akatikisa kichwa, akatikisa tena. Dobi alidhani anamtuliza tu.

Simu zikaja, hakupokea. Alipopokea moja, ilikuwa kwa ajili ya kuumiza.

"Dobi wangu, sikiliza..."

"Mimi si wako. Imezungumza?"

"Bado."

"Basi huna la kuniambia."

Aliwaita mafundi wengine. Mmoja alishauri afute kila kitu. Mwingine alicheka kwamba bado kuna watu wanatumia mfumo huo. Na huku nyuma uvimbe ukarudi, safari hii bila kubisha hodi. Dalali akalala kitandani asiinuke. Vidole vikalegea, kalamu ikawa inamponyoka, kisha hakuomba tena kalamu. Alimtazama binti yake tu, saa nzima, na Dobi hakuwa na njia ya kujua alichotazamiwa.

Asubuhi moja ujumbe uliingia: "Imezungumza."

Fundi alifika amekonda, shati limelaliwa. Aliunganisha waya, akageuka kwa mzee, akaona ile mikono juu ya shuka. Akaelewa.

"Nimechelewa," alisema.

"Umechelewa," Dobi akajibu, na hakukuwa na hasira tena ndani yake, palikuwa patupu.

Fundi akavuta kiti. "Baba, nitataja herufi. Ukiitaka, fumba macho."

Ikawa kazi ya jasho. Mara mzee alisinzia katikati, mara macho yalifumba yenyewe wakaanza upya. Dobi aliandika kila herufi bila kuunganisha maana. Hatimaye Dalali alitikisa kichwa: basi. Dobi akabonyeza.

Sauti ikajaa chumbani, nene, nzima, sauti ya mtu ambaye hajawahi kuumwa:

"Ni mimi niliyebonyeza."

Dobi alimgeukia Fundi. Fundi alitazama sakafu.

"Ujumbe wa kusasisha mfumo ulikuwa unamtokea kila mara," alisema taratibu. "Akachoka nao, akakubali. Aliponiita alikuwa analia. Alitaka kukuandikia, nikamwapisha asiandike. Nilidhani nitaitengeneza kabla hasira yako haijakolea. Sikutaka umkasirikie mtu asiyeweza kujitetea."

Dobi alimwinamia baba yake, akamlaza shavu kifuani. Mzee alikuwa amelala. Hakuamka vizuri tena, na kabla juma halijaisha alikata roho.

Baada ya mazishi, wageni walipokwisha, Fundi alikuja kuichukua mashine.

"Alikuwa na nguvu ya sentensi moja," Dobi alisema. "Angeweza kuniaga. Akaitumia kukusafisha wewe kwangu. Nilimlazimisha mimi, kwa ukali wangu."

"Tulimlazimisha sote. Ningesema kweli siku ile, asingekuwa na deni hilo."

Walikaa. Nje mtu alikuwa anaburuta meza.

"Hii ikiandikwa 'kwaheri mwanangu', itasema?"

"Itasema," Fundi alijibu. "Kwa sauti yake."

Dobi aliwasha, akaweka vidole juu ya vitufe. Akaviacha hapo muda mrefu. Kisha akavitoa.

"Hakusema," alinong'ona. "Izime."

Fundi akaizima, akaanza kukunja waya. Alipofika mlangoni na mashine kifuani, Dobi alikuwa bado amempa mgongo.

"Iache hapo chini," alisema. "Na wewe usiende."