Vidoa Vilivyosogea

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni fundi cherehani. Mimi ni mpiga picha. Siku hiyo alifunga kibanda chake jua likizama, akanipitia studio twende tukapige picha nyumba ya marehemu bibi yake. Mnunuzi alitaka kuona kila chumba kabla hajafunga safari.

"Haraka tu, wifi," aliniambia. "Tunaingia, tunatoka. Chai tutaikuta bado ya moto."

Umeme ulishakatwa. Vyumba vya mbele nilivimaliza upesi, maana mwanga wa jioni ulikuwa ungali madirishani. Kikabaki cha nyuma kabisa, stoo isiyo na dirisha, yenye kitundu kimoja tu cha hewa karibu na dari.

Mlango wake ulikuwa mzito kuliko ule wa mbele. Na komeo lilikuwa upande wa nje.

"Stoo gani hii inafungwa kama jela?" nikatania.

Wifi hakucheka. "Wewe piga tu," akasema, akabaki ukumbini na tochi yake.

Nikamwomba arudishie mlango, mwanga wa tochi usije ukaniharibia picha. Nikaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, nikaacha jicho lake wazi kwa dakika kadhaa, lichote ule mwanga kidogo wa kitundu.

Picha ikatoka. Ukuta. Sakafu. Kiti kimoja cha mbao. Na vidoa vyekundu vimetapakaa kila mahali.

Havikunishtua. Kamera yangu ni ya siku nyingi. Ikikaa na jicho wazi inapata joto, na joto hilo ndilo linalozaa vidoa. Dawa yake si ngumu: unafunika lenzi kwa kifuniko chake, unapiga picha nyingine kwa muda uleule. Unapata giza tupu na vidoa peke yake, halafu kompyuta inaviondoa kwenye picha ya kwanza. Inawezekana kwa sababu kidoa cha joto hakihami. Kinakaa palepale, kama chunjua usoni.

Nikafunika. Nikapiga.

Vidoa vyangu vyote vilikuwepo. Lakini chini kabisa, ukingoni, palikuwa na viwili nisivyovijua... vimekaa sambamba.

Nikajiambia joto limezidi. Nikaizima kamera, nikaiacha ipoe, nikapiga tena bila kuondoa kifuniko.

Vile vya zamani vilipungua. Viwili vile vilikuwa vikubwa zaidi. Na vilikuwa katikati ya picha.

Vimesogea.

Nikaondoa kifuniko, nikapiga chumba. Kiti, sakafu, hakuna kingine. Nikafunika tena, nikapiga, nikasubiri...

Vilikuwa vimekaribia kuijaza picha nzima. Na chini yake, ndani ya ule weusi, palikuwa na mkunjo, kama mdomo unaotaka kusema.

Ndipo niliposikia harufu. Harufu ya nguo iliyofungiwa sandukuni ikiwa mbichi. Kisha pumzi... taratibu... nyuma ya kisogo changu. Yangu nilikuwa nimeibana.

Nikaurukia mlango. Haukutikisika.

"Wifi! Fungua!"

"Sijafunga mimi! Nausukuma. Vuta!"

Nikavuta mpaka kucha zikauma. Nikapiga teke. Kile kitundu cha hewa nacho kilikuwa kimeshakuwa cheusi, sikuona hata vidole vyangu. Nilihisi kuta zimenikaribia, dari imeshuka, hewa imebaki ya kugawana.

Kisha wifi akanong'ona, mdomo wake ukiwa kwenye ufa wa mlango.

"Wifi... humo ndani uko na nani?"

"Niko peke yangu."

"Mbona kila nikikuita, anatangulia kuitika mwanamume?"

Nikabandika sikio kwenye ufa.

"Anasema nini?"

Nikasikia kilio anachokimeza.

"Ananiita Kipusa. Babu ndiye aliyekuwa akiniita hivyo."

Akanieleza hapohapo, maneno yakimkatika, jambo ambalo ukoo wao haulisemi mbele ya wakwe. Babu alitaka kumwacha bibi. Kesho yake hakuonekana. Bibi akasema amesafiri, lakini watu walinong'ona kwamba bibi alikwenda kwa mganga akamfunga babu, asimtoke tena maishani. Na wifi, alipokuwa mtoto, alikuwa akimkuta bibi ameketi ukumbini jioni, anauzungumzisha mlango huu. Anauhadithia habari za siku nzima, anacheka.

"Tulidhani ni uzee," akasema.

Kitu kikanigusa bega. Baridi. Hakikunishika, hakikunivuta. Kilikuwa kama mtu anayeomba apishwe.

"Mwambie kwamba bibi amekufa," nikanong'ona. "Huenda hajaambiwa."

Nikamsikia akivuta kamasi, akikusanya sauti.

"Babu... bibi tumeshamzika. Hakuna anayekushikilia tena. Toka, babu yangu. Twende."

Mlango ukafunguka wenyewe, polepole. Ubaridi ukanipita ubavuni. Tukatoka mbio, mimi nimeikumbatia kamera na miguu yake, wifi kiatu kimoja kimebaki ukumbini.

Nyumba iliuzwa. Mnunuzi analala vizuri tu, stoo ameifanya ya baiskeli.

Wifi ndiye aliyekonda. Adhuhuri moja alikuja studio, macho yamemwingia ndani.

"Nipige ile picha ya kufunika lenzi uliyonisimulia," akasema.

"Ya nini tena, wifi?"

"Nilimwambia twende. Sikumwambia wapi." Akatazama nyuma yake. "Nikishona, kuna mtu amesimama. Nikilala, amesimama. Wifi, nimechoka."

Nikamkalisha kwenye sofa, nikafunika lenzi, nikapiga. Kamera ndiyo kwanza nilikuwa nimeiwasha, haikuwa na joto lolote. Picha ilitoka nyeusi, safi, bila hata kidoa kimoja cha zamani.

Isipokuwa viwili. Pale ambapo bega lake la kushoto lingekuwa.

"Kuna nini?" akauliza.

Nikaifuta.

"Hakuna kitu, wifi yangu. Ni woga tu."

Akashusha pumzi ndefu, akanishika mkono, akashukuru. Nikaketi pembeni kwenye sofa, akaniegemea, usingizi ukamchukua palepale.

Mlango wa studio ulikuwa wazi. Watu walipita, jua linawaka. Nilitaka nimlaze vizuri, nitoke hata nje nikavute hewa. Lakini upande ule wa pili wa sofa, uliokuwa kati yetu na mlango, mto ukabonyea... taratibu... kama mtu anayeketi kwa adabu, asimwamshe mjukuu.

Sikuinuka. Wala sikugeuza shingo.