Blanketi la Kijani

Siku Baba Paka alipoondoka, mabakuli kumi na moja yalikuwa yameoshwa na kufudikizwa juu ya gazeti, ingawa paka waliobaki walikuwa wanne. Fundi cherehani alisimama mlangoni mwa chumba cha uani, asijue akae au atoke. Ufunguo uliachwa kando ya chupa ya dawa ya macho. Barua haikuwepo.

Mara ya kwanza walikutana langoni mwa soko, asubuhi ya msongamano wa kukanyagana. Fundi alikuwa anatoka kununua vifungo, amevaa gauni la kijani alilojishonea, maua meupe pindoni. Kijana mrefu, shati limejaa manyoya, akamzibia njia na boksi lenye tundu.

"Dada, changia paka wagonjwa."

"Paka? Watu wenyewe wanaumwa!"

"Watu wana midomo ya kuomba. Hawa wameazima wangu."

Alicheka hata vifungo vikamponyoka.

Kijana yule alikuwa msaidizi wa daktari wa wanyama. Paka aliowaokota mitaroni aliwauguza uani kwa shangazi yake, na mtaa mzima ulimwita Baba Paka. Haukupita mwezi, fundi naye akawa anawashonea vitanda. Picha zilitumwa kwenye kundi la simu, na watu wasiowajua wakachangia dawa. Kila jioni simu ililia.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe je, au umewapa paka?"

"Leo wamenibakishia."

Kitambaa kilichobaki cha lile gauni fundi alikishona blanketi, kwa uzi mwekundu maana wa kijani ulimwishia. Paka wa kwanza kulilalia alikuwa na ugonjwa wa kutapika. Siku ya tatu akafa.

"Lichome," Baba Paka alimwambia. "Ugonjwa huu hukaa kwenye kitambaa miezi na miezi. Sabuni haiuwezi."

"Nitalichoma."

Moyo ukakataa. Lilikuwa kitambaa cha gauni la siku walipokutana. Akalifua mara tatu kwa maji ya moto, akalianika juani, akalificha. Baridi ilipokuja, vikaletwa vitoto vitano vya paka vinatetemeka, akavitandikia blanketi lile kwa mkono wake. Vyote vitano vilikufa, na paka wakubwa wawili wakavifuata.

Wachangiaji walichachamaa. "Tulichanga muwaue?" Baba Paka aliandika mstari mmoja tu: Kosa ni langu, sikusafisha chumba vizuri. Akaitwa tapeli, akaitwa mla michango. Daktari, kwa kuogopa aibu, akamwachisha kazi. Fundi aliyasoma yote akiwa kwenye cherehani, kidole juu ya simu, asiandike neno. Kila siku alijiambia kesho. Siku ya ishirini na moja ndipo alipoyakuta mabakuli yamefudikizwa.

"Shangazi, kaenda wapi?"

"Hakunieleza, mwanangu. Kasema amechoka kungoja. Nikamuuliza, kungoja nini? Kachukua begi, katoka."

Fundi akaketi sakafuni palepale, akarekodi sauti yake kwa kundi zima: "Blanketi lilikuwa langu. Aliniambia nilichome, sikulichoma. Yeye hana kosa."

Kesho yake simu ikalia.

"Nimekusikia," alisema Baba Paka.

"Nisamehe. Rudi nyumbani."

"Uzi mwekundu niliuona siku ileile, chini ya vile vitoto."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nikaubeba mzigo nikidhani utakuja tuubebe wote. Kwa wale paka nisingekulaumu, laazizi. Ulipenda, ukakosea. Lakini siku ishirini na moja wananitukana, nawe unaniuliza kama nimekula?"

Nyuma ya sauti yake zilisikika honi za mji fundi asioujua.

"Nakupenda, Baba Paka."

"Najua. Nami nakupenda, ndiyo maana siwezi kurudi nikawa nakutazama na kukumbuka kimya chako." Akavuta pumzi. "Yule paka mwenye jicho bovu, matone mawili asubuhi, mawili jioni. Usisahau."

Simu ikakatika. Alipoipiga tena, haikupatikana, wala haijapatikana hadi leo.

Blanketi alilichoma uani, shangazi akiwa kando na ndoo ya maji. Wachangiaji wengi wamejitoa kwenye kundi, kwa hiyo Jumamosi fundi husimama langoni mwa soko na lile boksi. Paka ni wanne. Chumba, kwa ule ugonjwa, hakitapokea mwingine mpaka mwaka uishe.